Hofu ya Muuguzi Katika Wodi ya Afya ya Akili

Muuguzi anayejifungia ofisini akijaza mafaili huku wagonjwa wakirandaranda kwenye korido huitwa mvivu. Kwa uzoefu wangu katika wodi ya afya ya akili, wengi wa aina hiyo wanaogopa, na makaratasi ndiyo maficho ambayo hakuna mkuu wa wodi atakayemkemea mtu kwa kuyatumia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti Isabel Menzies wa Taasisi ya Tavistock, London, alichunguza hospitali ya kufundishia ambako takribani theluthi moja ya wanafunzi wa uuguzi hawakumaliza mafunzo. Aliona kwamba kazi yenyewe ilikuwa imepangwa ili kuwakinga wauguzi na hofu: kila mmoja alifanya vipande vidogo vya kazi kwa wagonjwa wengi, mgonjwa alitajwa kwa kitanda au kwa kiungo kinachougua, na maamuzi madogo yalisukumwa kwa wakubwa. Hata hivyo hofu haikuisha, kwa sababu kinga hizo ziliwanyima wauguzi furaha ya kumwona mgonjwa akipata nafuu mikononi mwao.

Ile ilikuwa hospitali ya magonjwa ya mwili. Sisi tunaogopa kupigwa, tunaogopa kwamba mgonjwa mwenye sonona atajidhuru katika zamu yetu, na tunaogopa pia (hili husemwa kwa nadra) kwamba maneno ya mgonjwa yana maana na yanatuhusu. Ndiyo maana husikika “yule skizofrenia wa dirishani”, mgonjwa akiitwa kwa jina la ugonjwa wake wa akili, na ndiyo maana sindano ya kutuliza hukimbiliwa mapema kuliko inavyohitajika.

Simshauri muuguzi anayeanza avue kinga zote. Utani wa wakati wa chai una kazi yake, na asiyejikinga kabisa hadumu. Aitambue kwanza kinga yake mwenyewe. Yangu ni maswali ya fomu: nikijikuta namwuliza mgonjwa anayelia kama amekula na kama amelala, bila kusubiri jibu, najua nimeogopa, basi huvuta kiti nikakaa.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni baada ya mgonjwa kushikwa kwa nguvu na kuchomwa dawa ya kumtuliza. Timu hutawanyika upesi, mmoja akiandika, wengine wakirudi kwenye dawa za jioni, na hakuna anayelitaja tena jambo hilo. Kwa kuwa ni lazima mgonjwa huyo afuatiliwe presha na upumuaji, mimi huutumia muda huo kukaa karibu naye, na akizinduka humweleza ni nani walimshika na kwa nini, kisha humwuliza yeye aliyaonaje. Majibu mengine huchoma.

Kabla ya makabidhiano ya zamu huomba pia tuseme kila mmoja aliogopa nini. Kumwuliza mwenzako mbele ya watu kama aliogopa kunaweza kumwaibisha, hasa wauguzi wa kiume, ambao ndio huitwa kwanza kushika. Kwa hiyo anza na hofu yako.

Lakini katika wodi iliyojaa ambayo usiku ina muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, hofu ni taarifa sahihi, na mazungumzo hayatoshi. Hapo kinachohitajika ni watumishi, nawe uandike katika kitabu cha ripoti, kila zamu, idadi ya wagonjwa waliokuwapo na idadi yenu.