Dhahabu ya Ramu Mbovu: Wasomaji Wanauliza

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Mimi ni fundi kompyuta, Kariakoo. Nina kilo nne za ramu mbovu, zile kadi za kumbukumbu za kompyuta, na gunia la madabodi, yaani bodi kuu. Vijana wa hapa wananiambia humo kuna dhahabu ya kununua bodaboda. Wananidanganya?

Jibu: Wametia chumvi, ndugu fundi. Kilo peke yake haisemi kitu. Pima eneo lililopakwa na unene wa mpako. Vidole vya ramu, ile safu ya meno ya njano inayoingia kwenye soketi, hupakwa dhahabu ya takriban mikroni 0.75 ikiwa kazi ni nzuri; mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, kwa hiyo sentimita moja ya mraba ya mpako huo inabeba miligramu 1.45 tu. Gramu moja inadai sentimita za mraba 690 hivi.

Sasa chukua ramu ya DDR3 ya kompyuta ya mezani. Ina vidole 240, pande zote mbili. Ukikadiria milimita 2 za mraba kwa kila kidole, unapata sentimita za mraba 4.8, yaani miligramu 7, na hapo tumehesabu kwa ukarimu. Nyingi zimepakwa kwa ubahili, basi weka nusu. Ramu moja isiyo na bati la kupozea ina gramu 20 hivi, kwa hiyo kilo zako nne ni ramu kama 200: kati ya gramu 0.7 na 1.4. Hiyo si bodaboda. Labda tairi zake.

Madabodi usiyaguse kwa tindikali. Ile njano inayong'aa kwenye ubao wenyewe mara nyingi ni mikroni 0.05 hadi 0.1, na utamaliza dawa kabla hujaona kitu. Yauze mazima kwa wanunuzi wa skrepu. Prosesa zenye ganda la kauri, kama Pentium Pro ya 1995, ndizo za kutenga pembeni. Prosesa za siku hizi zenye ganda la nyuzi za plastiki zina dhahabu kidogo sana. Chipu nyeusi nazo zilikuwa na nyaya za dhahabu ndani, nyembamba za mikroni 25 hivi, lakini viwanda vingi vimehamia shaba.

Kama bado unatamani kuyeyusha kila kitu, kumbuka medali za Olimpiki za Tokyo. Wajapani walikusanya tani 78,985 za vifaa vidogo vya umeme kati ya 2017 na 2019, wakapata kilo 32 za dhahabu. Gawanya: gramu 0.4 kwa tani. Kuchambua ndiko kunakolipa.

Swali: Naomba hatua za kutoa dhahabu kwenye vidole vya ramu, kwa vipimo, bila kuficha. Msomaji, Arusha.

Jibu: Tuchukue gramu 500 za vidole vilivyokwisha kukatwa. Vikitoka kwenye ramu nzuri, tegemea gramu 1 hadi 2 za dhahabu.

Kata karibu kabisa na mstari wa njano kwa mkasi wa bati. Pasibaki chipu wala tone la lehemu, kwa sababu bati la lehemu ndilo linalovuruga kila hatua inayofuata. Kama lipo, loweka vipande kwenye tindikali ya haidrokloriki yenye uvuguvugu kwa siku nzima, mwaga, suuza, ndipo uanze.

Weka vidole kwenye ndoo ya plastiki ya lita 5. Mimina lita 1 ya tindikali ya haidrokloriki ya asilimia 32, kisha nusu lita ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa. Ukipata ya asilimia 6, robo lita inatosha. Fanya kazi nje, simama upepo unakotoka, vaa miwani na glavu za mpira, na weka vifaa vyako vya chuma mbali, maana mvuke huu unatia kutu hata koleo lililo chumba cha pili. Kifuniko kiegemee tu, kisibane. Gesi ikikosa pa kutokea, ndoo hupasuka.

Watu wengi hawajui kwamba peroksaidi ni kiwashio tu. Inaanzisha kloridi ya shaba, nayo hiyo kloridi ndiyo inayokula shaba iliyo chini ya dhahabu, mradi ipate hewa. Pampu ndogo ya tangi la samaki inatosha. Huna, koroga asubuhi na jioni. Kijani angavu maana yake kazi inaendelea. Ikigeuka kahawia ya kuiva au nyeusi, imekosa hewa, haijafa. Mtu mwenye haraka huongeza peroksaidi kila siku, naye hujiumiza: ikizidi inayeyusha na dhahabu, kisha dhahabu hiyo inarudi kuganda juu ya shaba iliyobaki kama unga mweusi, ambao huishia kumwagwa pamoja na uchafu.

Baada ya siku 3 hadi 7 utaona ngozi nyembamba za dhahabu zikielea na ubao umebaki mtupu. Suuza kwa tindikali iliyopunguzwa, si kwa maji. Maji yakiingia mapema, kloridi ya shaba huanguka kama unga mweupe na kujichanganya na ngozi zako. Pitisha kila kitu kwenye chujio la plastiki lenye matundu makubwa, ngozi zipite na mbao zibaki, kisha zikamate ngozi kwenye karatasi ya chujio. Zioshe kwa tindikali ya moto mpaka haitoki kijani tena, ndipo maji.

Kuyeyusha: weka ngozi kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana, mimina mililita 50 za haidrokloriki, kisha jiki isiyo na manukato, mililita 5 kwa wakati, ukikoroga. Kwa jiki ya asilimia 3.5, gramu moja ya dhahabu inahitaji mililita 16 kwa hesabu ya karatasi. Kwa mikono andaa 30 hadi 50, maana klorini nyingi inapotea hewani. Klorini hiyo ndiyo gesi iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza, basi usijaribu jikoni hata madirisha yakiwa wazi. Maji yakiwa ya njano na ngozi zimeisha, yaache usiku kucha nje bila kufunikwa kwa kubana, klorini iondoke. Chuja mpaka yawe maangavu kama chai ya rangi iliyopungua majani.

Kuangusha: sodiamu metabisalfaiti, gramu 1 hadi 1.5 kwa kila gramu ya dhahabu unayotegemea, iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo, ukitia polepole. Maji yatageuka kahawia, na asubuhi unga utakuwa umetulia chini. Usishangae rangi: dhahabu safi ya unga inafanana na vumbi la kahawa. Ioshe kwa tindikali ya moto, kisha maji ya moto, kausha, na uyeyushe kwenye kikombe cha udongo kilichopakwa boraksi. Nyuzi joto 1,064 ndipo inapoachia.

Kabla ya kumwaga maji ya juu, yapime. Yeyusha gramu moja ya lehemu isiyo na risasi kwenye mililita 25 za haidrokloriki ya moto, na uache kipande cha lehemu hiyo humo ili isiharibike upesi. Tone lake na tone la maji yako juu ya karatasi nyeupe: likigeuka zambarau au jeusi, dhahabu bado imo.

Swali: Mimi nilitumia tindikali ya nitriki na ya haidrokloriki pamoja. Nikatia metabisalfaiti, ukatoka moshi mwekundu, unga ukaonekana kidogo kisha ukapotea. Dhahabu imekwenda wapi? Fundi, Kahama.

Jibu: Haijaenda popote, imeyeyuka tena. Nitriki imezidi. Gramu moja ya dhahabu inahitaji mililita 1 tu ya nitriki ya asilimia 70 pamoja na mililita 4 za haidrokloriki, na wengi humimina kikombe. Weka maji hayo juu ya moto mdogo bila kuchemka mpaka ibaki kama sharubati, ongeza mililita 10 za haidrokloriki, punguza tena, mara tatu. Usiache ikauke kabisa. Njia nyingine ni asidi ya salfamiki, ile inayouzwa ya kuondolea magamba kwenye mabirika ya viwandani: tia chembe kidogo kidogo mpaka iache kutoa povu. Urea ambayo mafundi wengi wanaiamini haimalizi nitriki.

Na mtu akikushauri utie amonia kwenye maji hayo, kataa. Dhahabu na amonia hutengeneza tope ambalo likikauka hulipuka hata kwa kuguswa.

Swali: Nipo Chunya. Zebaki si ingekuwa rahisi zaidi? Au vidole hivyo vya ramu nivitumbukize kwenye matangi ya sainaidi ya wachimbaji?

Jibu: Hapana, na hapana. Zebaki inashika dhahabu iliyo huru mchangani. Hapa dhahabu imebanana na nikeli na shaba, na lehemu inakula zebaki bure. Sainaidi nayo itamalizwa na shaba kabla haijagusa dhahabu. Isitoshe, vidole vilivyopita kwenye tindikali vikiingia kwenye sainaidi vinatoa gesi inayoua kwa dakika.

Swali: Shikamooni. Mwanangu huchoma hizo bodi uani ili kupata dhahabu, na wajukuu wanachezea hapo. Kuna madhara? Mama, Mombasa.

Jibu: Marahaba mama. Yapo, tena makubwa. Moshi huo una risasi ya lehemu, na dawa za kuzuia moto zilizomo kwenye ubao zikichomwa hutoa daiksini. Majivu nayo yanabaki na risasi kwenye udongo wanaochezea watoto, basi yaondolewe pamoja na udongo wa juu. Tafadhali mwambie pia asisage prosesa za kauri. Baadhi zina beriliamu, na vumbi lake huharibu mapafu moja kwa moja.

Swali: Maji ya kijani yaliyobaki niyamwage wapi?

Jibu: Si chooni, si mtaroni. Tumbukiza vipande vya chuma chakavu kwa siku mbili tatu, shaba itaganda juu yake kama matope mekundu. Hayo yana bei, yakaushe. Kisha tia chokaa iliyozimwa kidogo kidogo mpaka karatasi ya kupimia ukali wa tindikali (pH) ioneshe 9. Metali zilizobaki zitaanguka kama tope. Chuja, pima maji, weka tope kwenye pipa lenye maandishi, na lipelekwe kwa mwenye kibali cha taka hatarishi. Kwa Tanzania, vibali hivyo viulize NEMC, baraza la taifa la mazingira.