Mtoto wa miaka 4 na Halloween ya Magic Kingdom

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 4 ataogopa sherehe ya Halloween (sikukuu ya mavazi ya kutisha na peremende) pale Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, Marekani. Mpeleke tu, imeandaliwa kwa ajili ya watoto. Wangu alishtushwa na kitu kimoja: mpanda farasi asiye na kichwa anayetangulia gwaride, boga linawaka mkononi. Alinirukia shingoni; punde si punde akawa anawapungia watu mkono.

Tiketi ya sherehe hununuliwa kando, ile ya kuingia bustanini mchana haitoshi. Sherehe huanza saa 1 usiku hadi saa 6, ila mwenye tiketi huingia tangu saa 10 jioni, kwa hiyo mlaze mchana, tafadhali. Barakoa wanaruhusiwa walio chini ya miaka 14 tu. Na beba mfuko imara, peremende wanagawa kweli kweli!