Elfu kumi ya matumizi haifiki jioni

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, naishi Mbagala kwenye nyumba ya kupanga. Nina watoto wawili na mdogo bado ananyonya. Mume wangu ni bodaboda. Kila asubuhi ananiachia shilingi 10,000 ya matumizi, ikifika jioni sina kitu. Ananiita mfujaji, eti mama wa chumba cha jirani anapewa hiyohiyo na inamtosha. Siku nyingine mchana nashindia chai ya rangi ili watoto wale. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo chai, maana ndiyo iliyonikosesha raha. Unanyonyesha. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya alivyokuwa anakula kabla ya mimba, na maji ya kutosha juu yake. Kujinyima chakula si kubana matumizi. Kuanzia leo mchana, jipakulie na wewe.

Sasa hiyo elfu kumi. Wewe si mfujaji. Naona bila shaka unanunua kwa kupima: mafuta ya mia tano kwa Mangi, sukari robo, mkaa wa kopo, nyanya za fungu. Ukinunua hivyo unalipa zaidi kwa kitu kilekile, na kesho unarudi dukani palepale. Jirani naye humjui jikoni kwake. Pengine kwao Ifakara wanamletea mchele na yeye ananunua mboga tu.

Najua huwezi kuamka kesho ukanunua gunia. Anza na maharage, kwa sababu mkaa unaishia hapo. Yachague, yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga yale maji, weka maji mapya, yachemke sana huku umefunika sufuria. Yataiva mapema kuliko makavu. Chemsha ya milo miwili. Nusu iunge leo jioni kwa kitunguu na nyanya. Nusu nyingine iache bila kuunga, ichemshe tena kabla ya kulala na tena asubuhi isichache kwa joto hili la Dar, mchana uiunge. Hapo umewasha jiko la maharage mara moja badala ya mbili. Hela ya mkaa uliobaki usiirudishe kwenye mboga, itie kwenye kibubu. Ukiweka hata 1,000 kwa siku, baada ya wiki mbili una 14,000: nunua chupa ya mafuta ya lita nzima, uachane na ya kupima. Kitakachobaki kianzie sukari.

Nyanya, ongea na huyohuyo mama wa jirani mchange sado moja pale sokoni Rangi Tatu mgawane. Unga wa dona ni mzuri kwa watoto, ila usiurundike, maana una kiini cha mahindi chenye mafuta na huwahi kuharibika kuliko sembe. Dagaa usiwadharau. Matembele nayo hayahitaji shamba: omba vipande vya mashina yake kwa mtu, vichomeke kwenye kiroba cha udongo nje ya mlango, mwagilia, uwe unachuma.

Kuhusu mumeo, usibishane naye usiku akirudi amechoka na vumbi la barabarani. Chukua daftari, kwa siku saba andika kila ulichonunua na bei yake, mpaka kiberiti. Siku ambayo hatoki, mkae mlisome pamoja. Andika pia siku ulizoshindia chai, usimfiche, huenda hajui kabisa. Kama pikipiki ni ya mkataba na anapeleka hesabu kwa tajiri, kukupa ya mwezi kwa mkupuo kutamshinda na usimlazimishe. Mwombe kitu kimoja: siku ikimwendea vizuri, anunue mchele na unga wa wiki nzima, na ile ya kila asubuhi ibaki ya mboga na mkaa. Akilisoma daftari na bado akakuita mfujaji, niandikie tena, maana hapo tatizo litakuwa si jiko.