Ukiandika habari za Adolphe Thiers, anza na kodi

Makala nyingi kuhusu Thiers huruka: leo mwandishi wa gazeti, kesho Rais wa Ufaransa, katikati ni kipaji tu. Kipaji alikuwa nacho, ila hakikutosha. Kabla ya Julai 1830, mgombea ubunge alitakiwa awe ametimiza miaka 40 na awe analipa kodi ya faranga 1,000 kwa mwaka. Kijana huyu wa Marseille, aliyeingia Paris mwaka 1821 na sheria aliyosomea Aix, mji wa kusini mwa Ufaransa, alianza kung'ara katika gazeti la Le Constitutionnel huku mlango huo umefungwa. Basi chora daftari lako safu mbili: alichoandika, na nani alilipa.

Safu ya pili ndiyo yenye utamu. Gazeti la Le National, aliloanzisha na waandishi wenzake Mignet na Carrel Januari 1830, lilikuwa na mkono wa Laffitte, tajiri wa benki. Mapinduzi ya Julai 1830, yaliyomng'oa mfalme Charles X, yakashusha umri wa mgombea hadi 30, naye ana 33. Kodi je? Nyumba aliyouziwa na Dosne, ambaye baadaye akawa baba mkwe wake, ndiyo iliyomvusha, maana mwenye nyumba alihesabiwa kodi yake. Oktoba, Aix ikamchagua.

Kwenye siku za Julai, chunga tarehe. Amri nne za mfalme Charles X, zilizobana uhuru wa magazeti, zilisainiwa tarehe 25, zikachapwa tarehe 26; siku hiyo wanahabari 44 wakaweka majina yao chini ya tamko la kuzipinga, lililoandaliwa katika ofisi ya Le National. Usimpandishe Thiers juu ya vizuizi vya barabarani, kosa la wanaodhani kila aliyesaini alishika bunduki. Risasi zilipokolea alitoka mjini. Tarehe 30 alikuwa amerudi, na mabango ya kumnadi Louis-Philippe, aliyekuja kuwa mfalme mpya, yakabandikwa kutani.

Wasifu mwingi hupita haraka mwaka 1835, nasi tunaona hapo ndipo pa kukaa. Thiers sasa ni Waziri wa Mambo ya Ndani. Baada ya mtu aitwaye Fieschi kujaribu kumuua mfalme Louis-Philippe, sheria za Septemba zilipandisha dhamana, yaani fedha ambazo gazeti lilitakiwa kuweka serikalini, kwa gazeti la kila siku la Paris hadi faranga 100,000. Jiulize Thiers wa 1821 angezitoa wapi.

Urais wa 1871 hadi 1873 na damu ya Komuni, uasi wa Paris wa 1871, vitengee makala yake; usivibane katika aya ya mwisho.