Fonti ya mikunjo iishie kwenye majina ya maharusi

Wateja wengi wa kadi za harusi hapa Kariakoo huja na ombi lilelile: "Niwekee yale maandishi ya mikunjo." Wanamaanisha fonti za mwandiko, kama Edwardian Script aliyoichora Ed Benguiat mwaka 1994. Huja na Microsoft Office, ndiyo maana utaikuta stationari nyingi. Ni nzuri, sibishi. Ila itumie kwenye majina ya maharusi tu. Tarehe, ukumbi na namba ya kupokelea mchango viandikwe kwa herufi za kawaida.

Fonti hizi huiga kalamu ya chuma yenye ncha inayotanuka: ukiikandamiza kushuka, mstari unanenepa, ukipanda, unabaki uzi. Ule uzi ndio unaopotea kwanza, hasa kadi ikipigwa picha na kuzungushwa WhatsApp. Mimi majina nayaanzia pointi 36.

Halafu usiandike herufi kubwa tupu. Najua tunavyopenda jina la mzee lionekane, lakini herufi kubwa za mwandiko zimechorwa kukaa mwanzoni mwa jina, kila moja na madoido yake. Ukizipanga nane mfululizo zinagombana. Hata moja inaweza kukutesa. Mama mmoja alikuja kuona sampuli ya kadi ya mwanawe, akaishika mbali na macho, akakunja uso.

"Mwanangu, huyu ni Hamisi au Namisi?"

"Ni Hamisi, mama."

"Basi andika Hamisi."

Nikamwekea Great Vibes ya Robert Leuschke, akaridhika. Iko bure Google Fonts na leseni yake inaruhusu kazi za biashara. Leseni zisome kweli, maana fonti nyingi za bure mtandaoni ni za matumizi binafsi, na kadi ya mteja ni biashara.

Majina yenye ng' yanataka subira. Chukua Ng'wandu: ritifaa inakata kiungo cha g na w, na ile iliyonyooka ya kwenye kibodi inasimama pale kama msumari. Weka iliyopinda, kisha zisogeze herufi kwa mkono mpaka jina lisomeke kama neno moja. Na usitanue nafasi kati ya herufi ili jina lijaze kadi. Viungo vyote vitaachia. Likuze jina lenyewe.

Kabla ya kupeleka faili kwa mpiga chapa, geuza maandishi yawe michoro. Kompyuta yake ikikosa fonti yako itaweka yoyote inayoipata, na kadi zikishatoka hakuna wa kumlaumu. Toa nakala moja kwa ukubwa halisi, mpe mtu mzima aisome bila miwani. Lile neno la singo au dabo pembeni (kadi ya mtu mmoja au ya wawili) liandike kwa herufi nene, zilizosimama wima, maana wa mlangoni ukumbini analisoma gizani huku foleni ikimsukuma.