Windows, Mac au Linux: ipi rahisi kutumia?

Swali: Kompyuta yangu ina Windows 10 na imekataa kupokea Windows 11. Rafiki mmoja ananishauri nihamie Linux, mwingine anasema ninunue Mac kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Kazi zangu ni kuandika barua, kuchapa na kutumia intaneti. Nimsikilize nani?

Jibu: Msikilize wa Linux, mfumo unaoweza kuuweka kwenye kompyuta uliyo nayo badala ya Windows, ila usiifute Windows kabla hujajaribu.

Mac ni mashine nzuri sana. Tatizo ni kwamba urahisi wa mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) kwa sehemu kubwa ni mazoea ya mkono, na mkono wako umezoea Windows. Utachagua faili na kubonyeza Enter ukitarajia lifunguke, kumbe Mac inakutaka ubadilishe jina lake. Utafunga dirisha, nayo programu mara nyingi itabaki imewashwa. Kunakili ni Command+C, si Ctrl+C. Yote haya yanazoeleka, lakini sioni kwa nini utoe pesa ili ujifunze upya unachokijua tayari. Hata Windows yenyewe ilipoondoa kitufe cha Start katika toleo la 8, mwaka 2012, watumiaji wa siku nyingi walibabaika na kulalamika, kikarudishwa mwaka uliofuata.

Linux ziko nyingi. Wewe chukua Linux Mint, toleo la Cinnamon: menyu iko chini kushoto, saa iko kulia, Ctrl+C ni ileile. Iweke kwenye flashi, kisha uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo. Utaitumia bila kugusa diski yako. Itakuwa nzito kidogo, kwa sababu inasomwa kutoka kwenye flashi. Fanya humo kazi zako halisi. Waifai inashika? Printa inachapa? Fungua barua zako za Word kwa LibreOffice, programu ya kuandikia inayofanana na Word, na uangalie hasa majedwali na fonti, maana hayo ndiyo huvurugika kwanza. Kama ungekuwa unategemea Photoshop, programu ya kuhariri picha, ningekushauri vingine, kwani haina toleo la Linux.

Usikawie, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani masasisho ya usalama, ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiridhika na majaribio, nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, hakikisha yanafunguka huko, ndipo usakinishe.