Mfupa wa shavu umeunga, mbona uso haujarudi?

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi, alifanyiwa upasuaji wa mfupa wa shavu baada ya ajali ya bodaboda, anasema picha za CT zinaonyesha mfupa umekaa sawa kabisa lakini akijiangalia kwenye kioo shavu limeshuka na jicho la upande ule linaonekana kubwa, anaogopa pleti, vile vyuma vya kushikilia mfupa, zimeachia. Nilimjibu palepale maana hayo nimeyapitia.

Jamani, mfupa kukaa sawa haimaanishi nyama nazo zimekaa sawa. Ili daktari afunge zile pleti za titani anapasua ndani ya mdomo juu ya fizi, wengine chini ya kope au kwenye nyusi, halafu anazibandua nyama kwenye mfupa. Zisiposhonwa tena juu zilipokuwa zinaweza kushuka, shavu linakuwa bapa na mkunjo wa pembeni ya pua unazidi. Kovu la kope nalo likijikaza linavuta kope chini, ndo hapo jicho linaonekana kubwa na kutoa machozi hovyo.

Mimi hayo hakuna aliyenieleza. Kliniki wakasema mfupa umeunga, nenda nyumbani, ndugu nao kila siku mshukuru Mungu umepona, wakati nakula wali punje zinabaki mdomoni sisikii, maana neva inayopita chini ya jicho ikiumia, shavu na mdomo wa juu mpaka meno yanakufa ganzi. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Kwa hiyo nisikilizeni. Uvimbe unapanda zaidi siku ya 2 au ya 3, mwingi unaisha wiki chache ila masalia yanakaa miezi, usiuhukumu uso wako mapema. Lala kichwa kikiwa juu. Wiki za mwanzo usipenge kamasi, hewa inaweza kuingia chini ya ngozi uso ukavimba upya. Jicho likiuma sana au likianza kupoteza nuru usisubiri asubuhi, kimbia hospitali. Na kabla ya kuingia thieta uliza, nyama mtazirudishaje juu? Uliza bila aibu, uso ni wako!

Dada yangu, wewe rudi kliniki na picha zako za kabla ya ajali, waombe waangalie kope na shavu, sio mfupa tu. Kovu la kope mara nyingi linalainika kwa kusingwa wanavyokuelekeza, likigoma kuna upasuaji wa kuinua kope na shavu. Wakikwambia tena umepona, omba rufaa.